Meya Aliyesubiri Maiti

Katika mji wa Sucupira hapakuwa na makaburi. Mtu akifa, jamaa zake walilazimika kumchukua na kwenda naye mwendo mrefu hadi mji wa jirani, wakamzike katika ardhi ya watu wengine. Basi akatokea bwana mmoja, Odorico Paraguaçu, mwenye mashamba na mwenye ulimi, akasimama mbele ya umma akaahidi kwamba wakimpa umeya atawajengea makaburi yao wenyewe. Wakampa. Akajenga. Kisha likazuka jambo ambalo hakulitia katika hesabu zake: watu wa Sucupira wakaacha kufa.

Huo ndio mzizi wa "O Bem-Amado", yaani "Mpendwa wa Watu", mchezo wa televisheni ulioonyeshwa nchini Brazili na kampuni ya Rede Globo tangu Januari hadi Oktoba mwaka 1973. Mtunzi wake alikuwa Dias Gomes, mzaliwa wa Salvador katika jimbo la Bahia, na Sucupira yenyewe ni mji wa kubuni aliouweka kwenye pwani ya jimbo hilohilo. Hadithi hii aliiandika kwanza kwa ajili ya jukwaa mwaka 1962. Miaka kumi na moja baadaye akaikuza hata ikawa na sehemu zaidi ya 170, zikionyeshwa usiku wa saa nne. Ulikuwa mchezo wa kwanza wa mfululizo wa namna hiyo kuonyeshwa kwa rangi katika nchi ile, na baadaye ukawa miongoni mwa ile ya kwanza kuuzwa nchi za nje.

Tumeuchagua mchezo huu tuwasimulie ndugu zetu wa kambini na wa vituo vya polisi, wala si kwa sababu ya kuchekesha kwake tu, ingawa unachekesha sana. Tumeuchagua kwa kuwa ndani yake, kila mwanasiasa mlaghai anapokwama, macho yake humwendea mtu mwenye silaha.

MAKABURI YASIYO NA WENYEWE

Shida ya Odorico ni nyepesi kuieleza na nzito kuitatua. Makaburi yamekwisha kujengwa, hotuba ya ufunguzi i tayari, watu wamekaa kungoja. Kinachokosekana ni mgeni wa heshima, naye ni maiti. Wapinzani wanauliza fedha zilizotakiwa kuleta maji na taa zimekwenda wapi, naye hana la kuwajibu ila kuwaonyesha uwanja mtupu. Kila siku ipitayo bila msiba inamzidishia aibu.

Basi akaanza kufanya mbinu. Akapata habari kwamba Ernesto, jamaa wa akina dada Cajazeira, yu mahututi, akafanya bidii aletwe upesi afie Sucupira. Mgonjwa akafika, akatunzwa, akapata nafuu, akapona kabisa. Mjini yupo pia daktari, jina lake Juarez Leão, ambaye kazi yake ni kuokoa wagonjwa. Kwa meya mwingine yeyote daktari wa namna hiyo angekuwa fahari ya mji. Kwa Odorico ni mhujumu wa maendeleo. Tena, kana kwamba hayo hayatoshi, binti wa meya mwenyewe, Telma, anampenda daktari huyo.

Mtazamaji hucheka, na haki yake kucheka. Lakini tukipima vizuri tutaona kwamba mtunzi hakubuni jambo kubwa sana. Amechukua tabia iliyozoeleka, ya kiongozi anayependa sherehe ya ufunguzi kuliko kile kinachofunguliwa, akaifuata mpaka mwisho wake. Anayejenga shule apate kukata utepe hajali kama watoto watapata mwalimu. Anayejenga makaburi apate kukata utepe atajikuta, apende asipende, anawaombea watu wake kifo.

ULIMI WA ODORICO

Paulo Gracindo ndiye aliyecheza nafasi ya Odorico, na watu wa Brazili hawakumsahau. Aliyempa sura hiyo ya kudumu alikuwa mtunzi kwa kumpa lugha yake peke yake. Kireno kina mkia wa neno, "mente", ambao hubandikwa kwenye sifa ili kueleza jinsi jambo lilivyotendeka. Odorico aliubandika hata mahali usipopawa. Mambo ya mbele aliyaita "prafrentemente", ya nyuma "pratrasmente". Ni kama mtu asimame mbele ya hadhara, uso mkavu, aseme kwa Kiswahili kwamba serikali yake itakwenda kimbelevyo wala haitarudi kinyumavyo. Msikilizaji asiyesoma hudhani ni usomi; aliyesoma hushindwa kumkatiza kwa kicheko; na swali la fedha za maji na taa husahaulika katikati ya makofi.

Wanaomzunguka wamechorwa kwa uangalifu uleule. Wako akina dada watatu wa ukoo wa Cajazeira, wacha Mungu mbele za watu, kila mmoja akitumaini kwa siri kwamba meya mjane atamwoa yeye. Yuko katibu wake Dirceu, aliyepewa jina la Borboleta, yaani Kipepeo, kwa kuwa wadudu hao ndio mapenzi yake. Mtu mwoga, asiye na ubaya wa moyo, anayetii kila aambiwalo. Yuko Neco Pedreira, mwenye gazeti liitwalo "Tarumbeta", ambaye humpiga Odorico kwa kalamu. Na yuko mvuvi Zelão, aliyechezwa na Milton Gonçalves, ambaye nia yake moja duniani ni kujitengenezea mbawa aruke.

Tunawataja hawa kwa sababu mlaghai hatawali peke yake. Huhitaji mtu wa kumshangilia, mtu wa kutia sahihi, na mtu wa kunyamaza. Odorico alikuwa nao wote watatu. Alipoona hawatoshi, akamtafuta wa nne.

BUNDUKI YA KUAZIMA

Wa nne ni Zeca Diabo, maana yake Zeca Shetani, aliyechezwa na Lima Duarte. Huyu ni muuaji mwenye sifa mbaya iliyoenea jimbo zima. Odorico alimrudisha mjini na kumpa hifadhi, kwa hesabu ambayo hakumwambia mtu: penye Zeca Diabo hapatakosekana maiti, na ikipatikana maiti moja tu, makaburi yatafunguliwa. Katika mchezo wa jukwaani wa 1962 meya alivuka hata mpaka huo, kwani alimteua muuaji huyo kuwa mkuu wa polisi wa mji.

Ndugu msomaji uliyevaa sare, tunakuomba usimame kidogo hapo. Mtunzi angeweza kumwacha Odorico amlipe muuaji kwa siri, usiku, kama wafanyavyo majambazi. Hakufanya hivyo. Alimpa muuaji ofisi, kwa kuwa alijua kwamba mwanasiasa wa aina hii hapendi kujificha. Hupenda uovu wake utembee mchana ukiwa na barua ya uteuzi. Bunduki ya mhalifu humtisha mtu mmoja mmoja. Bunduki ileile ikitiwa chini ya muhuri wa serikali huutisha mji mzima, na hakuna pa kwenda kushitaki.

Lakini kumbe hesabu ilikosewa tena. Zeca Diabo amechoka kuua. Ameweka nadhiri kwa Padre Cícero, yule kasisi wa Juazeiro aliyefariki mwaka 1934 na ambaye maskini wa kaskazini-mashariki mwa Brazili humheshimu kama mtakatifu, kwamba hatamwaga damu tena. Meya anamchochea, anamzungusha, anamtafutia sababu. Mtu mwenye bunduki anakataa. Katika mji wote wa Sucupira, wenye meya, katibu, mabibi wacha Mungu na waheshimiwa wengine, anayekuwa wa kwanza kusema kwamba uhai wa mtu si kitu cha kuchezea ni yule aliyeitwa ili aue.

KANALI ASIYE NA KAMBI

Watu wa Sucupira humwita Odorico "kanali". Msomaji wa jeshini atauliza: kanali wa kikosi gani? Jibu ni kwamba hakupata kuongoza kikosi chochote, na hapa inatubidi turudi nyuma katika historia ya Brazili.

Mwaka 1831 nchi ile iliunda jeshi la raia lililoitwa Walinzi wa Taifa. Vyeo vya juu vya jeshi hilo walipewa wenye mashamba makubwa, na cheo cha kanali kikawa cha yule mwenye nguvu kupita wote katika wilaya yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 Walinzi wa Taifa walivunjwa, lakini jina halikuvunjwa pamoja nao. Mwenye shamba aliendelea kuitwa kanali, mwanawe akarithi jina, na watu wenye silaha waliomlinda wakaendelea kumtii. Siku ya uchaguzi aliwapeleka wakulima wake kituoni kama wanyama wenye hatamu, na kwa Kireno kura hiyo iliitwa hivyo hasa, kura ya hatamu. Kwa kuwa kura ilipigwa waziwazi, kila mtu alijua nani kampa nani. Kura ya siri ilikuja kuwekwa kwa sheria mwaka 1932. Mtaalamu Victor Nunes Leal alichapisha mwaka 1948 uchunguzi wake mashuhuri juu ya utawala huo wa makanali wa mashambani, na mpaka leo anayetaka kuuelewa huanzia kwake.

Kwa hiyo ukanali wa Odorico ni cheo kilichonunuliwa kwa ardhi, kisicho na kiapo wala nidhamu, wala mkubwa wa kumuuliza mwenye nacho amefanya nini. Dias Gomes alikuwa akiwacheka watu hao. Waliokasirika, hata hivyo, walikuwa makanali wengine.

WAKUBWA WALIPOSIKIA JINA LAO

Mwaka 1973 Brazili ilikuwa chini ya utawala wa kijeshi. Majeshi yalitwaa serikali mwaka 1964. Mnamo Desemba 1968 ikatolewa amri iliyolifunga bunge na kuwanyima washitakiwa wa siasa haki ya kufikishwa mbele ya hakimu. Na wakati mchezo ulipoonyeshwa, rais alikuwa Jenerali Emílio Garrastazu Médici. Vyama viwili tu viliruhusiwa. Mameya wa miji mikuu ya majimbo waliteuliwa, hawakuchaguliwa. Dias Gomes naye alikuwa mfuasi wa chama cha kikomunisti, tena alikwisha kupigwa marufuku kabla ya hapo.

Ofisi ya ukaguzi ilivumilia kwa miezi kadhaa. Hatimaye, mchezo ukiwa unaendelea, ikaamuru kwamba Odorico asiitwe tena "kanali" wala Zeca Diabo asiitwe tena "kapteni". Kwa kuwa sehemu kadhaa zilikuwa zimekwisha kurekodiwa, sauti ikafutwa penye maneno hayo, na watazamaji wakaona midomo ikifunguka bila neno kutoka. Hata wimbo uliokusudiwa kufungulia mchezo, wa Toquinho na Vinicius de Moraes, ulizuiliwa. Jina lake lilikuwa "Ghala la Baruti", na wakaguzi hawakupenda kusikia baruti ikitajwa.

Tunajiuliza walichokiogopa. Kanali wa kweli, aliyepanda cheo kwa mafunzo na utumishi, hafanani kwa lolote na mwenye shamba aliyerithi jina. Lau wakaguzi wangeuacha mchezo ulivyo, mtazamaji angeona tofauti ile mwenyewe. Walipoondoa neno, walimfundisha kwamba tofauti haipo. Mtu hafuti sauti ila pale anapohisi kwamba anaitwa yeye.

KOPLO ALIYEPASWA KUFA

Jambo hilo lilirudiwa baada ya miaka miwili, kwa ukali zaidi. Dias Gomes alikuwa ameandika hapo kabla mchezo wa jukwaani juu ya koplo mmoja wa kikosi cha Brazili kilichopelekwa Italia mwaka 1944 katika Vita Kuu ya Pili. Nyumbani inaaminika kwamba koplo huyo alikufa kishujaa. Mji wake umesimamisha sanamu yake, biashara imestawi, wanasiasa wamepata kura kwa jina lake. Kisha koplo anarudi akiwa hai. Kumbe alitoroka vitani. Wakubwa wa mji wanaketi na kuamua kwamba shujaa aliyekufa ana faida kuliko mtu aliye hai. Mchezo huo ulipigwa marufuku mwaka 1965, siku ileile uliyotakiwa kuonyeshwa.

Mwaka 1975 mtunzi akaigeuza hadithi hiyo kuwa mchezo wa televisheni, akamwondoa koplo akamweka mchonga sanamu za watakatifu aitwaye Roque Santeiro. Simu za watu zilikuwa zikisikilizwa, na mazungumzo yake na rafiki yake yaliwafunulia wakubwa kwamba ni hadithi ileile iliyobadilishwa vazi. Tarehe 27 Agosti 1975, siku ya kuanza, ukazuiliwa. Ulikuja kuonyeshwa mwaka 1985, baada ya serikali ya kiraia kurudi, na nchi nzima ikakaa mbele ya televisheni.

Sifa zake zilivuka bahari hata zikafika Afrika. Huko Luanda, mji mkuu wa Angola, ambako watu husema Kireno, soko kubwa la wazi lililokua katika miaka ya vita liliitwa Roque Santeiro kwa ajili ya mchezo huo. Jina lilidumu mpaka soko lenyewe lilipofungwa mwaka 2010 na wachuuzi wakahamishiwa Panguila, nje ya mji.

POLISI WA UKOO

Turudi Sucupira, tuone mwisho wake. Zeca Diabo alikuja kutambua jinsi Odorico alivyomchezea. Nadhiri ikamshinda. Akamuua meya, na makaburi yaliyongojwa kwa muda mrefu yakafunguliwa kwa maziko ya yule aliyeyajenga. Mvuvi Zelão, ambaye kila mtu alimcheka, alipanda juu na mbawa zake akaruka kweli. Hivyo ndivyo mchezo ulivyokwisha.

Mtazamaji wa kawaida huuona mwisho huo kuwa ni haki: mchimba kisima kaingia mwenyewe. Sisi tunaona kuna swali limebaki, na ni swali linalowahusu hasa wasomaji wa ukurasa huu. Polisi wa Sucupira walikuwa wapi?

Hawakukosekana. Katika mchezo wa televisheni mkuu wa polisi ni mama mmoja, Donana Medrado, aliyechezwa na Zilka Salaberry. Ni mtu shupavu, wala hamwogopi Odorico. Ila ana ila moja: Medrado ni ukoo hasimu wa Odorico, na mama huyo ni kiongozi wa wapinzani wake. Kwa hiyo kila alipomgusa meya, hata kwa jambo la haki kabisa, nusu ya mji ilisema ni ugomvi wa koo mbili. Na kila Odorico alipotaka bunduki yake mwenyewe, alikuwa na kisingizio tayari: polisi si wa mji, polisi ni wa akina Medrado.

Hapo ndipo ilipo kasoro ya Sucupira, nayo ni kubwa kuliko wizi wa fedha za maji na taa. Wizi wa meya unaweza kuchunguzwa, shahidi akaitwa, hesabu zikafunguliwa, mshitakiwa akajitetea. Lakini uchunguzi unahitaji mkono ambao pande zote mbili zinauamini, na mkono huo Sucupira haikuwa nao. Upande mmoja ulikuwa na polisi wa ukoo, upande wa pili ulikuwa na muuaji wa kuazima. Kati yao hapakuwa na sheria. Ndiyo maana kesi ya Odorico Paraguaçu, pamoja na ushahidi wote uliojaa mjini, haikusikilizwa na hakimu yeyote. Iliamuliwa na risasi, tena risasi ya mtu aliyekuwa amejitahidi kuliko wote kuiacha bunduki.

Je, risasi ile ilimaliza ubaya? Kampuni ya Rede Globo ilitupa jibu bila kukusudia. Watazamaji walimtamani Odorico kiasi kwamba mwaka 1980 alifufuliwa, akarudi katika kiti chake cha umeya na hila zake zilezile, na mchezo mpya ukaendelea kila wiki hadi mwaka 1984. Mwaka 2010 akaonekana tena, safari hii katika sinema, akichezwa na Marco Nanini. Tangu hapo kwanza walimfufua kwa sababu ya kicheko, na hatuwalaumu. Lakini hata katika hadithi ilikuwa rahisi kumrudisha, kwa kuwa siku alipozikwa hakuna kilichobadilika Sucupira. Kiti kilikuwepo, hazina ilikuwepo, katibu mtiifu alikuwepo, na ufunguo wa kituo cha polisi ulikuwa ungali mfukoni mwa ukoo.